Daktari wa Vifaranga na Chupa ya Bluu

Kabla hakujapambazuka, kucha ndogondogo zilianza kukwaruza katoni upande wa pili wa ukuta. Bwana Asali, aliyepanga chumba kwa siku mbili tu, alifungua jicho moja. Akasikia vifaranga wakilalamika, kisha bibi mwenye nyumba akiwabembeleza.

"Tulieni, wanangu. Ugonjwa wa kideri ulimaliza wenzenu wote, shingo zikapinda hivi hivi naona. Nyinyi ndio mliobaki. Sijui nitawaokoaje."

Asali akafungua na jicho la pili.

Jina hilo alibandikwa na watu aliowauzia dawa ya kuotesha nywele, kabla hawajaanza kumtafuta kwa fimbo. Hakuwa mtu mbaya sana. Ni vile tu ulimi wake uliamka mapema kuliko mikono. Jua lilipochomoza alikuwa ameshapekua jalala la duka la dawa za mifugo, akaokota chupa tupu ya chanjo, akaijaza maji na bluu kidogo ya kufulia. Akachomekea shati, akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni daktari wa kuku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jana si ulisema unauza vitanda?"

"Vitanda ni riziki, bibi. Wito wangu ni kuku."

Bibi akamkaribisha jikoni. Kando ya jiko palikuwa na katoni yenye kuku na vifaranga wake kumi na tisa walioanguliwa juzi. Mmoja alikuwa amedondoka nje, analia. Asali akamwokota bila kufikiri, akampulizia joto la pumzi, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akakumbuka kazi iliyomleta.

"Chupa moja ya chanjo inatosha kuku mia, bibi. Ukiifungua kwa hawa wachache, inayobaki ni ya kumwaga. Waite majirani, mchange, mnilipe kwanza. Tena dawa hii haitaki joto. Ikipata joto imekufa."

"Basi isilale mfukoni mwako. Niachie niiweke kwenye friji ya jirani yangu, fundi cherehani. Majirani nitawakusanya kesho asubuhi, na michango nitakushikia mimi."

Asali alitaka michango siku hiyohiyo, lakini angebishanaje na mahubiri yake mwenyewe? Akatoa chupa. Bibi akaipokea kwa mikono inayotetemeka, akaishika kitambo kidogo, akasema asante.

Asubuhi ya pili ua ulijaa. Fundi cherehani alileta vifaranga kwenye ndoo, muuza mkaa akawaleta kwenye kofia, wengine wakaja na makapu. Kila mwenye kuku alifunga uzi wa rangi yake kwenye miguu ya vifaranga wake wasije wakachanganyika. Bibi akaleta chupa imeviringishwa kitambaa kibichi, mdomo tu ndio unaonekana.

"Upesi, daktari. Imeshafunguliwa, baada ya saa mbili tu itaharibika."

Maji ya bluu yataharibikaje, Asali alijiuliza, lakini akaketi kwenye kigoda. Akamlaza wa kwanza kiganjani, akadondosha tone jichoni, akamwachia.

"Subiri apepese," bibi akasema kwa upole. "Tone liingie ndani."

"Nilikuwa nakupima kama unajua, bibi."

"Najua umenipima."

Akaendelea. Thelathini. Sitini. Kiuno kikaanza kulalamika.

"Daktari gani anatoa jasho hivi kwa kushika kifaranga?" muuza mkaa akauliza.

"Na wewe mbona unakuja na mgonjwa ndani ya kofia?"

Ua mzima ukacheka. Bibi akamfuta jasho kwa kitambaa safi, akamshikia kikombe cha chai anywe bila kuacha kazi. Wa mwisho alipopepesa, jua lilikuwa kali na vidole vya Asali vimekufa ganzi. Majirani wakamshukuru, wakaondoka. Akageuka kwa bibi na tabasamu lake bora.

"Sasa, bibi, ile michango yangu."

"Michango imekwisha, mjukuu wangu. Jana nilipita kwa majirani nikaikusanya, nikaipeleka kwenye duka la dawa za mifugo, nikanunua chanjo ya kweli, nayo pia ni ya bluu. Ndiyo uliyokuwa unadondosha tangu asubuhi."

Asali akaitazama chupa mkononi. Akavua kitambaa. Karatasi yake ilikuwa mpya, haijachubuka popote.

"Na yangu?"

"Nilifulia shuka. Zimetakata." Bibi akaketi karibu naye. "Chupa uliyonipa jana ilikuwa na joto kama mkono wako. Na hiyo habari ya joto ulinipa wewe mwenyewe."

"Sasa si ungeniitia watu tu?"

"Wakupige, halafu nani atie dawa? Mikono yangu hii tone inalipeleka kwenye pua, na bwana mifugo haji mpaka mwezi ujao. Wewe nilikuona ulivyomwokota yule aliyedondoka. Nikasema, mdomo huu sijui, lakini mikono hii ni ya kazi."

Asali akapiga hesabu. Alikuwa ameokoa kuku wa mtaa mzima kwa malipo ya kikombe cha chai, na hapakuwa na polisi wa kumshtakia.

Akachukua begi lake. Bibi akamtilia mkate ndani, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Chanjo hurudiwa baada ya wiki tatu," akasema. "Uje tena, mjukuu wangu. Dawa nitakuwa nayo, wewe njoo na mikono tu."