Safari ya Ngome Tatu kwa Chelezo cha Migomba

Jumatatu, 14 Aprili 1969

Nimekasirika tangu saa nne asubuhi na bado sijamaliza. Nilienda Nyakoe kununua sabuni dukani kwa Harish. Ukutani ana kalenda. Picha ya Aprili: mto mpana, miti yote imetoa maua, na juu ya kila kilima ngome ya mawe. Mtoni kuna meli ndogo. Kwenye meli mama wa kizungu amekaa. Amekaa! Miguu ameinyoosha, mikono ameilaza mapajani. Hana mtoto, hana kikapu. Mbele yake kikombe cha chai ambayo hakuipika yeye.

Nikamwuliza Harish huyo mama anaumwa nini. Akasema haumwi, anatembea. Ati kwao baridi ikiisha na maua yakitoka, watu hupanda meli, mto unawabeba polepole, wanatazama majumba ya wafalme waliokufa zamani. Nikauliza wakishatazama wanafanya nini. Akasema wanatazama lingine. Halafu akaniuliza kama nanunua sabuni au nanunua ukuta wake. Mjeuri!

Nina watoto watatu, mkubwa hajatimiza miaka mitano. Chai ya kuchuma, maji ya kuteka, kuni za kutafuta. Tangu Krismasi sijakaa chini bila kitu mkononi. Hata nikinyonyesha nachambua mboga.

Nimeamua. Nataka saa moja tu. Nikae, mikono mitupu, mto unibebe. Mto tunao.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemweleza mume wangu. Makori ni mwalimu wa darasa la tatu, kwa hiyo anajua kila kitu. Amecheka mpaka akashika ukuta. Akauliza, "Mama Abigael, na ngome ziko wapi?"

Nikamhesabia. Ya kwanza, nyumba ya wageni ya serikali ya wakoloni, ile isiyo na paa. Ya pili, kinu cha maji kilichosaga mahindi ya mama zetu, sasa kuta tupu. Ya tatu, josho la ng'ombe. Akasema josho si ngome. Nikamwambia lina kuta nene, limepakwa chokaa, na hakuna aliyewahi kuingia ndani kwa hiari yake. Akarudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha. Ushindi!

Siku itakuwa Jumamosi. Ndiyo siku pekee ambayo sisi Wasabato hatuchumi chai, na hakuna mtu wa kuniuliza kikapu kiko wapi.

Jumatano, 16 Aprili

Orpah amesikia. Orpah ni mke wa kaka mkubwa wa Makori, na ukipika chochote yeye hunusa akiwa ng'ambo ya bonde. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu yeye husoma Biblia ya Kigusii tu.

Kwanza amenicheka mbele ya wanawake mtoni. Ati mke wa mwalimu amechoka nchi kavu, sasa anataka kuwa kiboko. Jioni amekuja mlangoni, mpole kama maziwa, kuniarifu kwamba na yeye atakuja, na kwamba kwa kuwa aliolewa kwanza atakaa mbele. Mbele ya chelezo changu!

Nimefunga magogo kumi na manne ya migomba kwa kamba ya katani, mtoto mgongoni. Msaada wa Orpah: alisimama akasema fundo moja limelegea. Lilikuwa limelegea. Sitamsamehe.

Ijumaa, 18 Aprili

Mzee wa kanisa amekuja. Nehemiah. Mtu mwema, ila hakuna jambo analoliacha lipite bila kulipima. Ameambiwa (na nani? na Orpah, nani mwingine!) kwamba tunataka kusafiri siku ya Sabato.

Alizunguka chelezo mara mbili. Akatoa hukumu. Kukaa kunaruhusiwa. Kutazama uumbaji kunaruhusiwa, tena kunasifiwa. Kuimba kunaruhusiwa. Lakini ule mti mrefu nilioutayarisha wa kusukumia chelezo hapana, kwa sababu anayesukuma chelezo Sabato ni sawa na anayelima. Nikamwuliza, na mto unaotusukuma je? Akafikiri kwa makini. Akasema mto si mshiriki wa kanisa letu, unaweza kuendelea.

Basi mti unabaki nyumbani. Afadhali! Mama wa kalenda naye hakushika mti. Chai nimeipika kabla ya jua kuzama, iko kwenye themosi. Mandazi tayari. Nimeoga. Sijui kama nitalala.

Jumapili, 20 Aprili

Jana sikuandika, kuandika nako ni kazi. Leo naandika kwa hasira ya siku mbili.

Tulitoka baada ya ibada. Wakubwa wawili niliwaacha na baba yao, mdogo nikamfunga kifuani. Mvua imechelewa mwaka huu, maji hayafiki kiuno. Orpah mbele na mwavuli wake, mimi nyuma. Chelezo kikaelea. Kikaelea! Tukapita ngome ya kwanza, mbuzi anatuchungulia dirishani kama mfalme. Tukafika kwenye kinu. Majani yameota kwenye mawe, maua ya njano yameangukia maji. Nikaweka mikono mapajani. Mtoto akalala. Hakuna aliyeniita. Nikaona shingo ya Orpah kwa nyuma jinsi ilivyokonda, nikakumbuka ana watoto sita. Nikammiminia chai yeye kwanza. Raha hiyo ilidumu kama muda wa kuchemsha yai.

Baada ya josho mto unagawanyika. Kushoto ni mahali pa wanawake kuteka maji. Kulia ni bwawa la wanaume la kuogea. Mtu mwenye mti angesukuma kushoto. Sisi tulikuwa na mandazi.

Orpah akapiga kelele nipige maji kwa mkono. Nikamwambia hiyo ni kazi. Akasema basi tuimbe, wanaume wasikie watoke. Tukaimba. Wakasikia, wakatoka wote. Wote isipokuwa mmoja, maana alikuwa na povu masikioni.

Baba mkwe wetu. Mzee Angwenyi! Yeye ni Mkatoliki, na Jumamosi anaoga kwa ajili ya misa. Uchi, mweupe kwa sabuni kutoka kichwani hadi magotini.

Kwetu hii ndiyo ensoni, aibu kuu kuliko zote. Mke wa mwana hata kumpa baba mkwe mkono hawezi, sembuse hayo. Nikajifunika uso kwa shuka ya mtoto. Orpah akajifunika kwa mwavuli. Chelezo, bila macho ya mtu yeyote, kikaenda moja kwa moja kikagonga jiwe lake la kuogea, kikakatika katikati, kwenye fundo lile lile.

Sasa tazama balaa. Sisi tumesimama majini, macho tumefumba, hatuwezi kwenda. Nguo zake ziko ukingoni nyuma yetu, hawezi kupita. Kusema na sisi hawezi, ni ensoni. Sisi kumsemesha hatuwezi, ni ensoni. Tukakaa hivyo, watu wazima watatu. Povu linapasuka, nalisikia. Mtoto ndiye pekee aliyekuwa anamtazama, na alikuwa anacheka.

Aliyetuokoa ni Nehemiah, alikuwa darajani kwa matembezi ya Sabato. Alituongoza kwa sauti, kushoto dada, kulia dada, hadi ukingoni. Kisha akauliza kama kuna andazi lililobaki.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama mkwe ameleta hukumu ya Mzee Angwenyi. Atachinjwa kondoo wa kutusafisha mimi na Orpah. Hadi siku hiyo tusiingie bomani kwake, na tusikanyage mtoni. Orpah amesema shauri lote lilikuwa langu. Msaliti! Na chai alikunywa yeye kwanza.

Maji anateka Makori. Mwalimu, na debe begani, wanafunzi wake wanamwamkia njiani. Amerudi na nusu debe na maneno mengi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani. Ningeendelea kukaa kama asingeuliza chakula kiko wapi. Nikainuka. Siku sita za kazi, aibu mbele ya ukoo mzima, kwa yai moja la kuchemsha!

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Ni siku. Jumapili Wakatoliki wako kwenye misa, bwawa ni tupu, na kusukuma kwa mti si dhambi. Leo mchana nimekata magogo mapya kumi na matano. Ni ya migomba ya Orpah, hajagundua bado.

Na Mzee alisema tusikanyage mtoni. Aliyekaa juu ya chelezo hakanyagi kitu.