Santuri ya Mama Wachuka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeiona! Kwa macho yangu! Santuri ndogo ya mwaka 1967, wimbo wa mapenzi wenye filimbi. Anayepiga ngoma ni kijana Mwingereza ambaye miaka michache baadaye aligeuka mpiga ngoma wa hevi metal wa kutisha. Santuri za kwanza za watu kama hao ndizo ninazokusanya. Ninazo sitini na nne. Hii sina.

Tatizo dogo: kwa miaka mitatu nimekiambia kikundi chetu cha WhatsApp kwamba ninayo. Mburu wa Njoro, ambaye pia hukusanya, huomba picha kila wiki. Mwisho wa mwezi tunakutana Kikopey kula nyama, kila mtu na santuri yake bora mkononi. Nikienda bila hii, nimekwisha.

Iko Rongai. Nilikuwa nikitengeneza amplifaya ya kanisa, nikaiona kwenye boksi la vitu vya mnada wa mavuno wa Jumapili, katikati ya malenge mawili.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeenda kwa Mama Wachuka, mjane aliyetoa boksi hilo. Ni vitu vya marehemu mumewe, alivyoachiwa na mzungu wa shamba. Nimemwomba aniuzie kabla ya Jumapili. Akaniangalia kama mwizi. "Hiyo kitu nimeshapea Mungu, kijana yangu. Ngoja mnada kama watu."

Habari mbaya zaidi: mke wa Mburu ni wa kanisa hilohilo, na Mburu hakosi mnada. Mwaka jana aling'ang'ania jogoo mnadani mpaka bei ikafika ya mbuzi. Simuwezi.

Jumatano, 8 Oktoba

Akili! Kitu chenye doa hakiuzwi kanisani. Nimemwonyesha Mzee Muturi, mwenyekiti wa mnada, picha za yule mpiga ngoma kwenye simu: mafuvu, moshi, nywele mpaka kiunoni. Mzee akabadilisha miwani. Nikamwambia kwa huzuni kwamba santuri ya mtu huyo iko ndani ya boksi la Bwana.

Wataitupa jalalani. Nitapita niiokote. Mburu atabaki na malenge.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mzee Muturi amepiga simu. Kamati imeketi. Haitupwi. Itachomwa Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya maombi ya kufunga. Na kwa kuwa ni mimi niliyefichua, nitaiweka motoni kwa mkono wangu.

Nani angejua? Mercyline, mke wangu, anasema hata mtoto wa Sunday school angejua. Mercyline hana jicho la mipango.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Nimechukua santuri ya bendi ya tarumbeta, saizi ileile, nikaitia ndani ya koti upande wa kushoto. Ya kweli itaingia upande wa kulia. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara ishirini. Mercyline ameuliza kama ninaumwa na mbavu.

Nimefunga. Mpaka saa tano asubuhi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi ilianza vizuri. Mzee alinikabidhi santuri, nikageuka kukohoa, nikabadilisha, tarumbeta zikaenda motoni. Vigelegele! Niliruka kwa furaha. Wakadhani ni Roho.

Ndipo Mburu akasimama. Akasema kwa upole kwamba anamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu Jerry, yaani mimi, kwa sababu ndugu Jerry mwenyewe anayo santuri kama hiyo nyumbani tangu 2022. Akatoa simu. Akasoma jumbe zangu zote, hata ule wa kwamba huisikiliza kila Krismasi.

Mzee Muturi akanishika bega. "Usijali, kijana. Twende kwako Nakuru tuitoe leo leo. Lori iko." Watu kumi na mmoja walikuwa wameshapanda. Nikaiona rafu yangu akilini. Sitini na nne, zote za watu wa mafuvu na moshi.

Nikasema nimekuja nayo. Nikatia mkono upande wa kulia.

Ilikuwa yangu kwa dakika tisa. Imeungua kwa moshi mweusi na harufu ya ndoo ya plastiki. Nimelia, na sioni haya kuandika. Mburu naye amelia. Alitaka kuniaibisha tu, hakujua kwamba ninayo kweli. Mama Wachuka ametukumbatia wote wawili, akasema hajawahi kuona wanaume wakitubu namna hii.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mzee Muturi amepiga simu tena. Ushuhuda wangu umefika Njoro na Molo. Makanisa matano yananitaka. Waumini wataleta santuri zao zote za zamani, mimi nitazikagua na kusema zipi ni za shetani.

Santuri zote za Bonde la Ufa! Mikononi mwangu! Nimekubali kabla hajamaliza kuuliza. Nimeomba jambo moja tu: nikague peke yangu, mlango umefungwa, nisije nikamwaibisha mtu. Mzee amesema nina busara kuliko umri wangu.

Mburu amejitolea kuwa msaidizi wangu. Nimempa kazi ya kusimamia moto.