Fahali Aliyepona Vibaya

Cliff wa Rongo hakuwa mwizi, tafadhali tuheshimiane. Alisaidia tu mali za watu kuhama makao. Siku hiyo, katika soko la mifugo la Kegonga, alimwona mama mmoja, Nyangi, akivuta fahali mzee aliyechechemea. Mate yakamjaa kinywani.

"Mama, hii ni ngozi tu inatembea," alisema kwa sauti ya mazishini. "Lakini nitakusaidia."

Akamsaidia kwa baiskeli ya shemeji yake Bonface, mwenyeji wake hapo Kegonga, ambaye alikuwa ameapiwa kwamba itarudi jioni. Nyangi akachukua baiskeli, Cliff akachukua fahali. Nyuma ya choo cha soko akamdunga diklofenaki, dawa ya maumivu. Punde si punde mzee akainua mkia, akatembea kama bwana harusi. Akiuzwa bei ya kijana, Cliff angenunua baiskeli mbili na soda juu!

Mara akatokea mama mwenye lori, Scovia, mtu wa Magunga.

"Nyar Magunga, binti wa Magunga, karibu! Huyu ni kijana, hajawahi hata kukohoa."

"Pole, mimi natafuta wazee viwete," Scovia akajibu. "Tunalisha tumbusi kule karibu na mbuga ya Ruma, wale ndege wala mizoga. Wamepungua sana. Kiwete nalipa bei ya mzima."

Jamani! Cliff alitamani kulia.

"Madam, nilikuwa natania! Huyu ni mzee! Kiwete kabisa!"

Fahali akaruka mtaro.

"Huyo?"

"Anajikaza tu mbele ya wageni." Cliff mwenyewe akaanza kuchechemea ili kuonyesha. Watu wakaacha mbuzi zao, wakaja kucheka. "Haki ya Mungu, asubuhi alikuwa anavuta mguu! Ni vile tu nimemdunga diklofenaki!"

Ulimi uliomlisha miaka yote ukawa umemuuza mchana kweupe.

"Umemdunga?" Scovia akafunga lori. "Tumbusi akila nyama yenye hiyo dawa, figo zinakwisha, anakufa. Huyo dawa imtoke kwanza, nitamwangalia mwezi ujao. Lakini kwako wewe, omera, ndugu yangu, sinunui hata kwato."

Akaenda zake. Haukupita muda, dawa ikaisha nguvu na fahali akalala katikati ya njia. Cliff alimsukuma, akambembeleza, akamwita baba. Wapi!

Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yake. Ni Nyangi, na maneno yote alikuwa ameyasikia.

"Mwanangu, hiyo ni ngozi tu imelala," alisema kwa upole mkubwa. "Lakini nitakusaidia."

Akamsaidia kwa kuku mmoja.

Jioni Bonface alikaa mlangoni akingoja baiskeli yake. Aliposikia nyayo za shemeji zikikaribia, alitega sikio asikie kengele. Akasikia jogoo akiwika.