Kushika Mkia wa Gari la Mbele

Jumatatu, 7 Oktoba

Darka mpenzi,

Wiki ya saba tangu uondoke. Daktari kaniambia niandike, itanisaidia. Basi naandika. Kalamu ni yako, inavuja.

Habari mbaya. Larysa kapiga simu kutoka mjini. Alianza kwa ile sauti ya upole aliyoirithi kwako, nikajua mara moja kuwa nitaumia. Kasema, Baba, gari la mama limekaa bandani wiki saba, betri itakufa, na mjomba Orest anahitaji gari. Nikasema hata mimi nalihitaji. Kauliza la kwenda wapi, na wewe huendeshi? Nikasema naendesha!

Leseni ninayo. Hakuna aliyewahi kuninyang'anya. Lakini wewe unajua. Machi 1986, barafu, lori letu mtaroni, na wewe una mimba ya Larysa ya miezi saba. Hukupiga kelele. Trekta ya jirani ilipotuvuta tukatoka, ulizunguka, ukafungua mlango wa upande wangu, ukasema, "Sogea." Nikasogea. Nimesogea miaka thelathini na nane.

Alasiri Orest akaja "kuliangalia tu". Kaka yako huyo kapiga matairi teke. Kakaa kwenye kiti cha dereva bila kuomba, kakisukuma nyuma kulipisha tumbo lake. Kiti chako, Darka! Kilikuwa bado na urefu wa miguu yako. Alipoondoka nikakirudisha. Sina hakika kama ni mahali pale pale.

Uamuzi wa Larysa ni huu. Jumapili kuna karamu ya mavuno kwenye ukumbi wa kanisa, Radisne. Kilomita arobaini, barabara kuu. Nikifika naendesha mwenyewe, gari zima na mimi mzima, gari linabaki. Nikifika nimepakiwa na Orest, ufunguo unakwenda kwa Orest.

Nimekubali kwa sauti kubwa. Kisha nimekwenda bandani kulitazama gari kwa mbali.


Jumanne, 8 Oktoba

Dawa imepatikana!

Ilikuwa humo humo garini, katika kitabu cha maelezo. Gari lina kidhibiti mwendo. Kumbe ndicho kile kitufe cha usukani ulichokuwa ukikibonyeza halafu unaanza kuimba. Unaliambia gari mwendo unaoutaka, linaushika. Likiona gari jingine mbele linapunguza lenyewe, linaacha nafasi, linafuata. Mwenzake akikimbia, nalo linakimbia. Mwenzake akisimama, nalo linasimama. Imeandikwa hivyo, kwa picha.

Umeelewa? Sihitaji kuendesha! Nahitaji tu mtu mwenye akili mbele yangu. Yeye aendeshe, mimi nishike mkia. Kama kifaranga cha bata.

Baada ya hapo kuna kurasa kumi na moja za tahadhari, herufi ndogo. Nilisoma mistari miwili. Nikafunga kitabu. Kilichoandikwa na waoga kitamfaa nini mtu mwoga?


Jumatano, 9 Oktoba

Aibu. Aibu!

Nilifikiri sana nimfuate nani. Mwishowe nikachagua basi la shule. Kubwa, la manjano, haliendi mbio, na kila mtu analiheshimu. Dereva ni Mama Stefka, hajawahi kugonga hata kuku.

Nikalisubiri njia panda saa tisa na nusu. Likapita. Nikaingia nyuma yake, nikabonyeza kitufe, nikatoa miguu kwenye pedali. Darka, lilifuata! Lenyewe! Nikafumba macho nusu dakika kwa shukrani. (Najua. Nisamehe.)

Basi likasimama langoni kwa akina Kuzyk. Taa nyekundu, mtoto kashuka. Gari likasimama lenyewe. Moyo wangu nao. Likaondoka, tukaondoka. Likasimama tena. Mashamba kumi na manne, Darka. Kumi na manne! Sikuthubutu kugusa chochote, nisije nikaliudhi gari. Watoto walijaa dirisha la nyuma, wananipungia. Nikawapungia.

Mwisho wa barabara ya changarawe, Mama Stefka kashuka na fimbo ya kuondolea barafu mkononi. Kaja mpaka dirishani. Akaniona ni mimi, akashusha fimbo, lakini si sana. Kaniuliza, "Mzee Zenon, unawafuata watoto wa watu kwa nini?" Nikasema nafuata basi, si watoto. Akasema ndani ya basi kuna nini, viazi? Nikamweleza habari za kitufe. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyefiwa. Kaniambia nigeuze, niende nyumbani polepole, ninywe supu.

Sikujua njia ya kurudi. Nilimfuata yeye tena.


Alhamisi, 10 Oktoba

Nipo hai. Naandika kwa penseli, kalamu yako imevuja wino wote.

Leo nilimchagua Nestor Kuzyk na lori lake la ngano. Mtu mzima, hana mzaha, anakwenda barabara kuu ile ile ya Radisne. Nikaliambia gari mia moja, kwa sababu kibao kinasema mia moja, na sikutaka kuonekana mtu wa kijijini. Nestor alikuwa na mzigo, alikwenda sabini. Basi na sisi sabini. Raha! Kilomita kumi na mbili, mikono miwili kwenye usukani, miguu imekaa kando kama ya mgeni. Nilipita shule ya zamani, nilipita makaburi yenu. Nilikusalimia kwa kichwa. Hukuona?

Kisha Nestor kawasha indiketa na kupinda kwenda ghala la nafaka.

Sikuwa nimefikiria kwamba watu hupinda.

Mbele hapakuwa na kitu. Gari likaangalia barabara tupu, likakumbuka nilichokuwa nimelitamkia: mia moja. Likanyanyua pua. Themanini! Tisini! Mbele kona, na baada ya kona, reli. Nikaliambia "Prrr!" Nilivuta usukani kuelekea kifuani, kama hatamu. Nikasema "Prrr!" tena, kwa nguvu. Halikuwa farasi. Kwa bahati mguu ukaikumbuka breki wenyewe, bila ruhusa yangu. Nikaingia kwenye shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, nikasimama katikati ya mabua. Kunguru wawili hawakuruka hata.

Nililia kidogo. Si kwa maumivu.

Na nani kapita saa hiyo hiyo? Kaka yako. Katika mashamba yote ya jimbo hili la Saskatchewan! Kateremsha kioo, kauliza, "Shemeji, unapanda nini msimu huu?" Kisha kashuka, kwa haki yake nitaandika, kaja kunishika bega. Kasema gari hili halijui njia. Linajua tako la gari la mbele, basi. Tako likiondoka, linarudi kwenye mwendo ulioliwekea. Alikuwa nalo kama hilo kazini. Kasema nimpe ufunguo leo, yaishe, hakuna atakayenicheka.

Nikasema nilikuwa naangalia udongo.


Jumamosi, 12 Oktoba

Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho naiona ile reli.

Nimelipeleka gari kwa Padre Taras libarikiwe. Mita mia mbili, mwendo wa kobe, kitufe sikukigusa. Kalizunguka na maji ya baraka, mbele, nyuma, matairi. Nikamwomba abariki kitufe peke yake, pale kwenye usukani. Kauliza kinafanya nini. Nikaeleza. Kasimama na ile brashi yake inadondoka maji, kafikiri. Kasema yeye anabariki gari na anabariki dereva, na kwamba kitabu chake hakina sala ya gari lisilo na dereva. Nikamwambia dereva nipo, nimekaa. Kaniambia, "Zenon, kukaa si kuendesha. Darka alikuwa anaendesha."

Alinimwagia maji mengi kuliko gari.

Jioni nimepika holubtsi, yale majani ya kabichi ya kukunjia wali, kwa ajili ya karamu. Kabichi zako, wali wako, mchuzi wako wa nyanya. Hazikukunjika kama zako, nyingine zimefungwa kwa uzi. Ningependa Larysa azione zimefika kwa gari lako, na mkono wangu ndio uliozileta.

Mpango wa kesho upo. Nitamfuata Orest mwenyewe! Hatajua. Jumapili anakwenda polepole, kwa sababu mkewe Paraska hukaa pembeni akimpigia kelele. Hapindi, maana anakwenda huko huko. Safi kabisa. Naogopa hadi meno yanauma, lakini mpango ni safi.


Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tano nilikuwa nimejificha nyuma ya pampu ya mafuta. Orest na Paraska wakapita. Nikatoka. Sufuria ya holubtsi kwenye kiti cha pembeni, nimeifunga mkanda. Kitufe: tisini. Miguu nimeikunja chini ya kiti kabisa, isije ikaleta wazo lake tena kama Alhamisi.

Kilomita thelathini bila neno. Niliona kichwa cha Paraska kikigeuka kulia na kushoto, anamgombeza. Orest themanini, mimi themanini. Nilipita makaburi sikuthubutu kutazama.

Kisha Orest akahamia kushoto. Ghafla tu, kama mtu anayekwepa dimbwi. Na alipoondoka, nikaona alichokuwa anakikwepa.

Kombaini. Mashine ya kuvunia, kubwa kama nyumba, imesimama barabarani, imeharibika, taa ya manjano inazunguka juu.

Nikangoja gari lipunguze. Liliona gari la Orest, likalifuata njia nzima, lazima litaona nyumba! Halikuona. Lilifurahi kwamba Orest kaondoka, likaongeza mwendo. Themanini na tano. Hakuna mlio, hakuna taa. Darka, lilikuwa kimya kabisa. Kimya kile ndicho sitakisahau.

Miguu ilikuwa chini ya kiti. Kiatu cha kulia kimenasa. Nilikivua humo humo, nikaingia kwenye breki na soksi, kwa miguu yote miwili, nikasimama juu yake kama mtu anayekanyaga nyoka. Nikaita jina lako. Sufuria ikabaki na mkanda wake. Kifuniko hakikuwa na mkanda.

Gari likasimama. Nilikuwa naweza kusoma herufi ndogo kwenye kombaini. Ilisema usikaribie.

Mwenye mashine alikuwa kakaa juu ya ngazi yake anakula mkate. Ni Mama Odarka Melnyk, yule mwenye sauti kubwa. Hakushuka. Kaniuliza, "Mzee, ulikuja kuvuna au kuvunwa?"

Orest kaja mbio, kapauka kama unga. Kafungua mlango wangu. Nilidhani atasema "Sogea." Nilikuwa tayari kusogea, nakuambia ukweli. Lakini aliinama tu, anahema. Paraska ndiye aliyesema, kutoka mbali: "Muulize kama anaendelea au anapanda kwetu!"

Nikatazama kiti cha pembeni. Kilijaa kabichi. Nikasema, "Naendelea."

Kilomita tisa zilizobaki niliendesha mimi. Mguu wangu, soksi moja, mwendo arobaini. Nyuma yangu magari kumi na saba, wote wanakwenda karamuni, hakuna aliyepiga honi. Nadhani walidhani ni mazishi. Niliogopa kila kilomita. Nilipinda mwenyewe. Nikaegesha mwenyewe, kwenye nafasi mbili.

Larysa alikuwa mlangoni. Kaona gari zima. Kaniona mimi, kiatu kimoja, wali kwenye nyusi, nyanya mpaka kwenye paa la ndani. Kauliza nani kaendesha. Orest alikuwa nyuma yangu. Angeweza kusema lolote, Darka. Kasema, "Baba yako. Mimi nimeona." Kisha kachukua holubtsi moja kwenye kola yangu, kaila, kasema imepungua chumvi.

Larysa kanikumbatia muda mrefu. Gari linabaki. Kwa sharti moja: kile kitufe nisikiguse, mpaka nitakapozisoma zile kurasa kumi na moja. Nikaapa mbele ya Padre.


Jumanne, 15 Oktoba

Darka mpenzi,

Nimezisoma. Zote kumi na moja, miwani miwili. Zinasema kifaa hakioni vizuri kitu kilichosimama. Zinasema kwenye kona kinapotea. Zinasema jicho la mwendesha gari liwe barabarani na mguu uwe karibu na breki, wakati wote.

Zimenifungua macho. Nimeelewa sasa kosa lilikuwa wapi: kwa Orest. Mtu anayekwepa vitu! Na Nestor, anayepinda. Na basi, linalosimama. Kifaa hakina ubaya wowote, kinahitaji tu kiongozi anayefaa.

Nimefikiri tangu jana, na leo jibu limekuja lenyewe kutoka mbinguni. Theluji imeanza kuanguka alfajiri, imeshafika kwenye vifundo. Saa nne lori la kusafisha theluji linatoka yadi ya wilaya kwenda mjini moja kwa moja, kilomita mia moja na kumi, hadi karibu na mtaa wa Larysa. Halipindi. Halikwepi kitu, linakisukuma. Rangi ya chungwa, taa kila mahali. Nitakaa nyuma yake karibu, ndani ya lile wingu jeupe linalorusha, hakuna hata atakayeniona. Larysa atafungua mlango na atanikuta!

Sijamwambia mtu. Mguu mmoja nitaukunja, mmoja nitauacha karibu na breki. Nimejifunza.

Nimevaa makoti mawili. Ni baridi. Saa tatu na dakika hamsini, nalisikia linaunguruma kule yadini.

Nikumbuke, Darka.

Zenon wako