Nguzo Mpya ya Nyumba ya Baba

Leo nimeumbuka.

Rafiki zangu mlioko Tabora, barua hii someni mkiwa mmekaa. Na yule mpishi wetu mwambieni aweke sufuria chini kwanza, asije akamwaga mchuzi kwa kucheka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wakwe, nusu yangu ikiwa ndani ya nyumba na nusu nje. Nitaeleza. Taratibu.

Mnajua nilirudi hapa Ihumwa mwezi uliopita. Miaka ishirini na miwili ya kuzunguka! Kubeba mizigo, kuandika hesabu za watu, kushika mnyororo wa wapima reli wa Kidachi. Na kila nilikolala, niliota paa la nyumba yetu. (Neno hilo paa liwekeni akilini.)

Ninyi mliozaliwa pwani mmelicheka sana tembe letu. Nyumba ya chini, ndefu kwenda mbele, bapa juu kama meza: magogo, fito, matawi, kisha udongo. Chekeni. Juu ya paa hilo ndiko tunakoanika mtama, na nilipokuwa mdogo ndiko nilikokaa kufukuza ndege.

Wazazi niliwakuta wazima, ila wamepungua. Macho ya baba yamebaki ya kujua tu kama jua limetoka. Magoti ya mama yanalia kama mlango mkavu. Wanaishi wawili tu, na ng'ombe wachache, na mbuzi wasio na adabu.

Wiki iliyopita dada yangu Sechelela, aliyeolewa kule Zuzu, akatuma neno. Anakuja na mumewe Chilongani kuwachukua wazee wakaishi kwake. Mara ya mwisho alipofika alimkuta mama juu ya paa peke yake na ungo wa mtama, na baba akitafuta mlango kwenye ukuta ambao haujawahi kuwa na mlango. Akasema hawezi kulala usingizi kwa mawazo.

Wazee hawakutaka hata kusikia. Baba alisema, "Nguzo za nyumba hii nimezikata kwa mkono wangu. Siku nikitoka, nitoke nimebebwa." Mama alipepeta mtama kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia.

Nikaona huruma. Nikasema, "Niachieni mimi. Nitaitengeneza nyumba hii mpaka Sechelela akose la kusema." (Mtu aliyemaliza madarasa yote ya juu katika shule ya Mdachi atashindwaje na tembe?)

Nikaanza na kamba. Nilifunga kamba ya ngozi kutoka kitandani kwa baba, nguzo hadi nguzo, mpaka mlangoni, mpaka zizini. Ashike, aende. Baba akaipapasa.

"Unanifunga kama ndama?"

"Ni ya kukuongoza, baba."

"Ndama naye huambiwa hivyo hivyo."

Kesho yake mama alianika nguo zake juu ya kamba hiyo. Sikukata tamaa. Nikamvua beberu wetu mkubwa kengele yake ya chuma, nikaitundika ukutani karibu na kitanda cha baba. "Ukitaka msaada, itikise. Popote nilipo nitasikia."

"Na beberu akitaka msaada?" baba akauliza.

Nilikuwa na kazi kubwa zaidi: mama na paa. Ngazi yetu ni gogo moja lililochongwa vikanyagio kwa shoka. Nikalificha kwenye majani ya ng'ombe.

"Mama, kuanzia leo paani napanda mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya."

Hiyo "haya" niliisikia. Sikuisikiliza.

Basi leo asubuhi gari la moshi likawashusha wageni. Sechelela. Chilongani. Na, ole wangu, mama yake Chilongani! Mama mkwe wa dada yangu, mzee mwenye heshima zake, ambaye amesema anataka kuona kwa macho yake hao wazee wanaishije. Mnaujua ukwe wa kwetu. Mbele ya mama mkwe hata ukikohoa, unakohoa kwa adabu. Nilivaa kanzu yangu nyeupe ya Bagamoyo. Ndani yake nilivaa ile kaptura ya mfuko wa unga. (Ndiyo, hiyo hiyo. Mliicheka Kilosa. Bado ninayo.)

Tukasalimiana, mbukwa, mbukwa. Wageni wakakaa ndani, wakala ugali na maziwa ya mgando. Mambo yalikwenda vizuri! Baba alishika kamba akaenda mlangoni na kurudi bila kugonga kitu. Chilongani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sechelela akaangalia kila kona kama askari anayetafuta pombe.

"Na paani je, kaka? Mama bado anapanda?"

"Hapandi. Napanda mimi. Tena mtama uko kwenye ungo, ngoja ukaanikwe uone."

Mama akasema, "Mwanangu, mwambie kwanza baba yako a..."

"Mama, kaa. Pumzika. Mimi nipo."

(Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza.)

Nikalitoa gogo, nikapanda na ungo wangu. Jamani, rafiki zangu! Nilipofika juu nilisahau hata wageni. Vilima vile vile. Upepo ule ule wenye vumbi. Reli tu ndiyo mpya, inang'aa kama mstari wa mwalimu ubaoni. Nikawa mtoto wa miaka kumi. Nikaanza kutembea huku na huku kama nilivyotembea zamani nikiwafokea ndege.

Sasa, tembe lina sheria yake. Unakanyaga juu ya magogo tu, yale yanayolala juu ya nguzo. Katikati ya gogo na gogo ni fito, na fito huliwa na mchwa. Udongo umefunika vyote, kwa hiyo kwa juu huoni lolote. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukanyaga popote. Mimi nina arobaini na minne, na mmekula nami, mnajua ninavyokula.

Kwanza ulisikika mlio kama wa mtu anayevunja muwa.

Kisha miguu yangu ikawa ndani ya nyumba.

Miguu tu! Makwapa yalikwama kwenye fito, tumbo likabanwa katikati ya magogo mawili. Na kanzu, ile kanzu ya heshima, haikushuka nami. Ilibaki juu, imetandazika pande zote kama mwavuli. Kule chini, juu kidogo ya vichwa vya wakwe, ikaning'inia miguu miwili na mfuko wa unga.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe. "Hiyo ni ya nani?"

"Ya kaka," akajibu Sechelela.

"Yule aliyesoma?"

"Ndiyo, mama. Yule aliyesoma."

Mama mkwe akajifunika uso kwa shuka. (Chilongani ameniambia baadaye kwamba alifunika jicho moja.)

Wakati huo baba alikuwa anarudi kitandani kwa ile kamba yangu. Kamba ilimleta moja kwa moja mpaka chini yangu. Mkono wake ukakutana na muundi wangu. Akaupapasa. Akaubana.

"Nguzo hii ni mpya," akasema.

Watu walikuwa wamebana pumzi.

"Nani kaniwekea nguzo katikati ya njia? Tena ina manyoya. Tena ina joto!"

"Baba, ni mimi!" nikapiga kelele.

Lakini sauti yangu ilitoka nje, juu. Baba akageukia mlangoni. "Kijana anaita huko nje. Nendeni mkamwangalie, pengine amepata matatizo."

Chilongani aliondoka mbio ili akachekee nje kwa heshima. Hakufika. Alianguka mlangoni.

Baba aliposikia kila mtu analia au anacheka, alifanya kile nilichomfundisha. Akaenda kitandani. Akatikisa kengele.

Mbuzi wetu hawajui mambo mengi duniani. Wanajua jambo moja: kengele ile iliko, ndiko kundi liliko. Waliingia wote! Beberu mbele, amekuja kudai mali yake. Walipita juu ya Chilongani, wakapita kwenye ugali, na mmoja wao akagundua nyayo zangu. Nilikuwa nimetembea juani tangu alfajiri. Nyayo zina chumvi. Akaanza kulamba.

Mnanijua nilivyo na mtekenyo.

Basi piteni ninyi njiani saa hiyo, kama walivyopita wanawake wanne waliokuwa wanatoka kisimani na mitungi yao. Mnaona paa. Juu ya paa mnaona nusu mtu, kanzu nyeupe imemzunguka, ungo kichwani (ndiyo, ulikuwa umeniangukia kichwani), anacheka peke yake mpaka machozi yanamtoka.

"Mbukwa!" wakaniamkia.

Ningefanya nini? "Mbukwa!"

"Unafanya nini huko?"

"Naanika mtama!"

Wakatazamana. Wakaongeza mwendo.

Ndani Chilongani alikuwa ameshainuka, akanishika miguu yote miwili. "Shemeji, vumilia, nakuvuta!"

"Acha!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, na mimi sijaisikia sauti hiyo tangu utoto. "Ukimvuta, nyumba yote inakuja naye. Mwache. Mzee, shika fimbo yako."

Nikamwona mama akitokea nyuma ya paa. Hakulitumia hata gogo langu! Kwenye ukuta wa zizi la ndama kuna mawe matatu aliyoyapanga mwenyewe. Kumbe siku zote hizi ninaficha ngazi, na siku zote hizi yeye anapanda kwake. Mkononi alishika mchi wa kutwangia.

"Mzee, gonga!"

Ko, ko, ikasikika chini ya paa. Baba alikuwa akipapasa magogo kutoka ndani na kuyagonga kwa fimbo. "Huu mpingo! Kanyaga." Mama akakanyaga. Ko, ko. "Huu mgunga! Kaa upande wa zizi, huku kwingine mchwa wameanza." Mama akakaa upande wa zizi. Mmoja haoni, mwingine magoti yanalia, na wamekuja mpaka nilipo bila kutetereka hata mara moja.

Ndivyo wanavyoanika mtama kila siku. Mama juu, baba chini. Ndicho mama alichotaka kuniambia nikamwambia akae apumzike.

Akalaza mchi juu ya magogo mawili, mbele ya kifua changu. "Shika hapa. Wewe Chilongani, toa mabega akanyage. Usicheke, utamwangusha." Baba akahesabu. Nikasukuma. Nikatoka! Kipande cha kaptura kimebaki kwenye fito, na baba amesema kisiondolewe, kinazuia upepo.

Niliposhuka, hakuna aliyenitazama usoni. Sechelela alikuwa anafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini, lakini alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha fimbo ya baba. Mama mkwe akashusha shuka.

"Sechelela, mwanangu. Ulisema humu ndani kuna mtu wa kuangaliwa, asiachwe peke yake."

"Ndiyo, mama."

"Ni kweli yupo. Lakini si hawa wazee."

Basi nyumba ikalipuka kwa kicheko, na mbuzi wakarudi tena kuona kuna nini.

Wazee hawaendi Zuzu! Sechelela ameweka sharti moja tu, kwamba neno limfikie kila wiki kwa watu wa gari la moshi, na neno likikosekana anakuja mwenyewe. Mama amekubali. Dada akauliza, "Na kaka je?"

"Huyu tutamtunza," baba akasema. "Bado tuna nguvu."

Wageni wameondoka alasiri. Kamba imerudi kwa ndama. Kengele mama amenivisha mimi, ili wajue niliko, na beberu ananitazama vibaya tangu saa hiyo. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, ambako hakuna pa kuangukia. Tundu liko juu yangu, jua linaingia, mama ananisagia uwele, na baba anatembea akihesabu nguzo zake kuhakikisha hazijaongezeka. Kesho tunaziba. Mama atakuwa juu, baba atagonga, mimi nimeruhusiwa kuchanganya udongo.

Yule bwana aliyetaka nimfuate safari ya Ujiji mwambieni atafute mtu mwingine. Miaka ishirini na miwili nimetafuta pa kutua, na leo nimetua nyumbani, miguu ikitangulia.

Anayetaka kucheka, aje kwanza apande paa letu.