Tairi Mbili za Nyuma Zinatosha

Jumatatu, tarehe 4 Novemba
Nimenunua pikapu! Mnadani Bunda. Mimi Burito wa Bugwema, niliyesoma ngumbaru tu, nimerudi kwangu kwa gari yangu.

Maksai wangu wawili wa kulimia nimewauza, fedha yote imekwenda huko. Mke wangu Tereza amelia kidogo. Nimemwambia anyamaze. Kikundi cha akina mama wa maziwa kinatafuta gari ya kupeleka maziwa Musoma kila asubuhi. Wiki hii wanajaribu, Jumamosi wanachagua. Kazi ya mwaka mzima. Nikiikosa sina maksai wala kazi, na mvua ya kupandia hiyo inakuja. Lakini siikosi. Mimi?

Gari zilikuwa mbili. Nyeupe ni fowili, inavuta tairi zote nne, imezeeka, inaguna kama mgonjwa. Nyekundu inasukuma kwa tairi za nyuma tu. Lakini mbio zake! Nilizikagua kama ninavyokaguaga ng'ombe. Nilianzia nyuma, nikapapasa. Nyekundu ina paja. Nguvu ya dume iko nyuma, mbele ni pembe na maringo.

Dereva ni mkwe wangu Dorkas, mke wa mwanangu Samwel. Ana leseni, aliwahi kuendesha malori ya pamba. Akamwambia Tereza aniambie kwamba njia yetu ni tope jeusi, baba achukue fowili. Nikamwambia Tereza amwambie kwamba mimi nilianza kuchagua madume mama yake hajazaliwa. Dorkas alikuwa amesimama hatua mbili. Alisikia.

Nyeupe kainunua jirani yangu Werema. Na yeye anataka kazi ya maziwa. Masikini.

Jumanne, tarehe 5
Ushindi! Kwetu baba mkwe hakai kiti kimoja na mke wa mwanawe, wala hawasemeshani ovyo. Kwa hiyo Dorkas mbele peke yake, mimi nyuma kwenye bodi na madumu. Tumekubaliana: nikigonga bodi, asimame. Sheria hiyo nimeitunga mimi.

Njia kavu. Kwenye lami nyekundu haikukimbia, iliruka! Machozi yalinitoka, ya upepo na ya furaha. Musoma saa moja na nusu. Werema kaingia saa mbili na robo. Mama Jenoveva, mwenyekiti wa kikundi, alinusa dumu langu akasema maziwa haya kama yametoka kwenye chuchu sasa hivi. Werema akajitetea eti gari yake ilikuwa inapasha injini. Kupasha! Ilikuwa inakata roho.

Tukarudi kwa kupitia Butiama makusudi, shemeji zangu waione. Kilima cha pale ilikipanda kama mbuzi. Nikapunga mkono, upepo ukachukua kofia. Sikugonga bodi. Gari kama ile huisimamishi kwa ajili ya kofia.

Alhamisi, tarehe 7
Mvua.

Nyekundu imelala mbugani, kwenye lile tope jeusi. Tairi za nyuma zinazunguka tu, zinanirushia tope mimi ninayesukuma. Nikawa mweusi mpaka kwenye meno. Dorkas kachungulia dirishani akasema, "Pole, baba." Basi. Lakini ile pole ilikuwa na fowili ndani yake.

Akaja Werema. Taratibu, tairi zote nne zinatafuna tope. Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: ilipendeza. Kama kiboko anatoka ziwani na hana haraka. Kashusha kioo. "Mzee mwenzangu, vipi, unapumzisha paja?" Nani kamwambia habari ya paja? Nikasema ninakagua udongo. Alicheka mpaka akakohoa, ndipo akatoa kamba.

Kuvutwa na Werema, watoto wa shule wanaona! Nikalala katikati ya madumu nisitambulike. Tumefika saa nne, maziwa yameganda. Mama Jenoveva kaonja, katema, kaandika kitu kwenye daftari. Bora angenitukana.

Tereza hakula leo. Anaangalia zizi la maksai.

Ijumaa, tarehe 8
Mvua tena. Asubuhi nimekuta mifuko sita ya mchanga kwenye bodi, juu ya tairi za nyuma. Kazi ya Dorkas. Kamwomba Tereza aniombe nikae mkiani kabisa, niongeze uzito. Nikakubali kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kukaa hapo.

Yule binti anajua! Hakukanyaga mafuta kwa fujo. Alishika mgongo wa njia, polepole, bila kusita, usukani unacheza mikononi kama mtu anapepeta mtama. Tukapita palepale tulipolala jana. Tumepita! Kwa furaha nikagonga bodi.

Akasimama.

Hatukuondoka tena. Dorkas aliweka paji la uso kwenye usukani.

Werema katukuta hapo, katuvuta mpaka lami. Pale Dorkas akamwambia, "Baba Werema, hiyo yako kwa mwendo wake tutafika maziwa yamekuwa mtindi. Leta madumu yako huku." Akapakia yote kwenye nyekundu. Sijawahi kukimbizwa vile! Musoma saa mbili kasoro dakika tano. Maziwa mazima, ya Werema na yangu.

Jumamosi, tarehe 9
Mama Jenoveva ametoa uamuzi mbele ya akina mama wote. Kazi tumepewa wawili. Nyeupe itoe maziwa kijijini mpaka lami, nyekundu ingoje pale, iyakimbize mjini. Maziwa yakichelewa hata siku moja, kazi anapewa mwingine. "Na mzee Burito asigonge bodi." Walicheka sana. Nami nilicheka, kwa heshima.

Tereza amepika sato na ugali wa muhogo, amekula vizuri. Nikamwambia Werema mpango huu niliuwaza tangu mnadani. Alinitazama muda mrefu. Anashangaa akili, nadhani.

Jumapili, tarehe 10
Tangu tutoke misani jua kali. Nimekwenda mbugani, nimekanyaga kwa kisigino. Pamekauka. Karibu pamekauka.

Sasa nimewaza. Kumngoja Werema pale lami ni kupoteza muda. Kesho tunapita wenyewe, nyekundu peke yake, na kwa njia ya mkato kule bondeni. Mifuko ya mchanga nimeishusha, inapunguza mbio. Mama Jenoveva akiona tumefika saa moja, kazi yote atanipa mimi.

Tereza ameuliza, na mvua je? Nimemwambia mvua imekwisha, mimi mvua nazijua. Amekwenda kumwambia Dorkas. Nimesikia Dorkas anacheka, halafu nikasikia hacheki.

Kuna kitu kinadonoa bati hapa juu. Kimoja kimoja. Sasa vimekuwa vingi.

Ni ndege.