Uzinduzi wa Kituo Kilichokalia Chumba cha Cherehani

Wewe mdogo wangu, kaa chini na hiyo tai yako kabla haijakukaba! Wiki sita umefanya mazoezi ya hotuba nyuma ya ukuta wangu, unafoka kama spika mbovu, mpaka siku yenyewe ya uzinduzi sauti imekukauka, sasa unaninong'oneza, "Dada, nisomee." Haya. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini karatasi yako siihitaji. Hotuba nimeikariri nikishona suruali za watu. Nitaisema kwa kinywa chako. Kwa hiyo majirani, kila mtakaposikia "mimi", jueni ni yeye, na dada anayetajwa ndiye mimi. Na wewe ukiona nimekosea, Bwana Mratibu, jua nimekosea makusudi.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Katibu wa Kamati hiyo, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake liko njiani tangu juzi. Waheshimiwa wawakilishi wa wafadhili, mlioketi kwenye vile viti vitupu. Mzee wetu fundi viatu. Mama muuza mboga. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili. Dada yangu mkubwa, mwenye nyumba, ambaye nimelazimika kumtaja mwisho kwa sababu hana cheo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wawili. Fundi viatu anauliza kama kuna soda.)

Ndugu wananchi, ikumbukwe kwamba miezi kumi na minne iliyopita, katika muktadha mzima wa kuboresha maboresho ya lugha ya Kiingereza kwa watu wazima, mimi, kwa unyenyekevu mkubwa nilionao kuliko mtu yeyote hapa, niliingia nyumbani kwa dada yangu na begi moja na mswaki, nikamwambia ni stei ova tu, maana yake unalala siku moja mbili unakwenda zako, na dada yangu, ambaye Kiingereza hakijui, akatoa shuka. (Kicheko.) Siku ya tatu, baada ya tathmini shirikishi niliyoshiriki peke yangu, nilihamia awamu ya pili, yaani stei on, ambayo kitaalamu hutumika pale ambapo shughuli iliyokuleta imekwisha, wenzako wote wameondoka, na wewe bado unauliza chai iko wapi.

Ndipo nikaomba chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kiwe ofisi ya pailoti, yaani ya majaribio, ya Kituo cha Kiingereza. Humo ndani kulikuwa na cherehani ya dada yangu. Kwa kuzingatia fremwaki ya implementesheni, yaani mpango wa utekelezaji, cherehani hiyo ilihamishiwa kwenye korido, kati ya ndoo na baiskeli, mahali ambapo dada yangu hadi leo anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, zoezi ambalo sisi wataalamu tunaliita kepasiti bildingi, yaani kumjengea mtu uwezo. (Mama muuza mboga: "Aibu!") Naomba utulivu, mama. Maswali ni mwisho wa hotuba, na mwisho wa hotuba hakuna muda wa maswali.

Sasa nije kwenye mafanikio, ambayo ni mengi kiasi kwamba yameshindwa kuonekana. Hadi kufikia robo hii ya mwaka, Kituo kimewafikia asilimia mia moja na ishirini ya walengwa, mlengwa mwenyewe akiwa huyu fundi viatu, aliyeingia siku moja kukwepa mvua, nami nikamfundisha papo hapo neno stik araundi, yaani usiondoke, kuna jambo zuri linakuja. Akasubiri. Mvua ikakatika, jambo halikuja, akaenda zake. (Fundi viatu: "Na mwavuli wangu ukabaki humo!") Huo mwavuli, mzee wangu, ndio asilimia ishirini iliyozidi. (Kicheko kirefu.)

Mama muuza mboga naye alifundishwa heng araundi, yaani kuzubaa mahali bila shughuli, na alipoomba mfano, mwalimu alijitolea mwenyewe, mikono mfukoni, mbele ya meza yake ya nyanya, asubuhi hadi jioni. Lipo pia stei bihaindi, yaani wenzako wakishatoka wewe unabaki nyuma umalizie kazi. Hilo, kwa mujibu wa mtaala, halijawahi kufundishwa, hasa siku ambazo kuna vyombo vya kuosha.

Naahidi mbele yenu kwamba kufikia mwaka ujao tutakuwa na madarasa manane, maktaba ya vitabu elfu nne na ukumbi wenye kiyoyozi, vyote hivyo ndani ya chumba cha hatua tano kwa sita.

Changamoto ni moja. Mjukuu wetu amejifungua kwa upasuaji siku tano zilizopita, na leo saa tisa anaruhusiwa kutoka hospitali. Chumba chake kiko juu, ngazi kumi na saba, na daktari amemkataza ngazi. Juzi mezani nilipoulizwa kuhusu chumba cha mbele, mimi kama Mratibu nilitoa msimamo wa Kituo, kwamba mzazi atandikiwe godoro kwenye korido kwa muda, asubiri mchakato, holdi on, kama anavyoambiwa mtu kwenye simu asikate. (Muuguzi mstaafu anavua miwani.) Kidonda kibichi, kichanga cha siku tano, upepo wa mlango wa nyuma, yote hayo stekiholda, yaani wadau, wayavumilie, kwa sababu chumbani kuna makasha tisa ya vitabu ambayo, kwa sababu za kiusalama, hayapaswi kusogezwa wala kufunguliwa.

Kituo oyee! (Mama muuza mboga anakunja mikono.) Kiingereza juu! (Mtoto mmoja: "Juu!" Mama yake anamziba mdomo.) Tubaki, tuendelee kubaki, tusibanduke!

Kwa namna ya pekee nawashukuru wafadhili, ambao sijawahi kuwaandikia hata barua. Nawashukuru walimu, ambao hawajaajiriwa. Naishukuru idara yangu, iliyoniachisha kazi miezi kumi na minne iliyopita, wiki ile ile niliyobisha hodi hapa. Na namshukuru dada yangu, ambaye leo asubuhi, mimi nikiwa bafuni nanyoa ndevu, alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa akafungua makasha yote tisa. La kwanza magazeti. La pili magazeti. La tatu mashati yangu ya kazini, yamepigwa pasi na kukunjwa vizuri, na juu yake barua ya kuachishwa kazi. Hayo mengine msiniulize. Kitabu hakikuwamo hata kimoja. Kituo hakijawahi kuwapo. Kulikuwa na mtu mzima aliyeona haya kusema hana kazi, akasema ana mradi. Asanteni kwa kunisikiliza.

Hotuba imekwisha, sasa nasema mimi mwenyewe. Usitazame sakafu, nitazame mimi niliyekufuta kamasi. Siku ile ungesema tu, "Dada, nimeachishwa," ningekupa chumba cha uani bila Kiingereza chochote. Kina upepo usiomfaa kichanga, lakini kitanda kipo, jana nimekitandika. Hakuna anayekufukuza hapa. Umekosa kazi, hujakosa dada. Lakini mzazi mwenye mshono halali kwenye korido ili wewe uendelee kuitwa Mratibu, hilo halipo!

Saa nane na nusu sasa. Fundi viatu, shika makasha. Mama muuza mboga, ufagio uko jikoni. Muuguzi, nioneshe kitanda kikae upande gani. Na wewe, meza yako uitoe peke yako, halafu unawe mikono mpaka viwiko, kwa sabuni, ukasimame barabarani. Teksi ikifika, mfungulie mjukuu wako mlango, umpe bega aegemee, na umwambie kwa mdomo wako kwamba chumba ni chake. Nenda.